Kabula Ameacha Kucheka

Jumapili, Nyahanga. Mawingu yametanda tangu asubuhi ila mvua hainyeshi.

Unisamehe, shajara. Tangu turudi kutoka Mwanza kwa daktari wa meno sijaandika neno. Si kwamba nilikosa muda. Niliona haya.

Daktari alipomaliza kumfunga Kabula waya wa kunyoosha meno aliniuliza kama meno ya utoto yalitoka yenyewe. Nikasema ndiyo. Nilidanganya mbele ya mwanangu. Niliyang'oa mimi kwa uzi, hata yasiyolegea vizuri, nikayatupa juu ya bati nikidhani nayapisha mapya. Daktari akaeleza tu kwamba jino la utoto humshikia nafasi mwenzake. Likitolewa mapema, mengine husogea, linalokuja hukosa pa kukaa.

Kabula aliniangalia.

Ana miaka kumi na mmoja. Zamani akicheka alifunika mdomo kwa kiganja. Sasa hacheki kabisa. Mwalimu anasema akiulizwa swali anaandika jibu kwenye karatasi.

Baba yake yuko Katoro, anasaga mawe ya dhahabu. Siku ile tumerudi alipiga simu ya video, binamu wamejaa sebuleni. Akamwambia Kabula acheke aone. Kisha akasema, "Aa, mmezungushia seng'enge! Hapo hata ndama hatoroki."

Tulicheka wote. Na mimi nilicheka.

Kufika Jumatatu shule nzima ikawa inamwita Seng'enge.

Jana nilimkuta nyuma ya choo ameshika plaizi, anajaribu kukata waya. Mdomo unatoka damu. Nikamnyang'anya, nikamkalisha, nikamwambia hakati mtu waya hapa hadi daktari atakaposema. Halafu nikamwambia ukweli wa ule uzi.

Akasema, "Najua, mama. Yaliuma."

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu wiki nzima. Plaizi nimeificha. Hayo maneno sijui niyafiche wapi.

Baba Kabula, najua unaisomaga shajara hii mtandaoni. Nitumie kwa gari la kesho: nta ya kufunikia waya zisimchome shavu, kama Katoro hakuna agiza Geita mjini. Mswaki mdogo wa nywele laini. Unga wa lishe kilo mbili, maana kutafuna hawezi.

Na unirekodie sauti yako ukimwita Kabula. Jina lake tu. Usiongeze utani.