Saruji Kwenye Tembe la Mama

Jumamosi. Jua la Novemba limechoma tangu asubuhi, na upepo umetujaza vumbi hadi kwenye meno. Mvua bado, ila mawingu yameanza kujikusanya upande wa Bahi. Mwaka mwingine ningeyafurahia.

Leo nimewatembeza watu kumi na mmoja kuangalia nyumba za zamani za Dodoma. Si kazi yangu. Kazi yangu ni kufyatua matofali Kizota, na kujenga. Ila Neema, dada msanifu majengo anayeandaa ziara hizi, aliniomba kwa sababu nyumba hizo nazijua kwa kuzishika. Nimeziba nyufa zake, nimebadilisha mabati yake.

Tulianza na nyumba za mawe za reli. Nikapima ukuta mbele yao: sentimita hamsini na tano. Tukaenda kwenye maduka ya zamani yenye makazi juu na roshani za mbao. Nikawaonyesha dari ilivyopandishwa mita nne ili joto likae juu na mtu akae chini. Walikuwa wanaandika. Mimi niliyeishia darasa la saba, watu wenye digrii wananiandika! Nilijisikia mtu.

Kituo cha mwisho kilikuwa tembe la mama yangu, nyumba ya nguzo na udongo yenye paa bapa, kijijini, njia ya Bahi. Nililipendekeza mwenyewe.

Shuleni tulichekwa kwa ajili ya tembe lile. "Nyie mnalala chini ya shamba," walitwambia, maana paa ni la udongo na mvua zikikolea linaota majani. Sikusahau. Ndiyo maana nilipojiweza, miaka sita iliyopita, nilipeleka mifuko ishirini na minane ya saruji nikapiga plasta kuta zote, ndani na nje. Mama alikataa. Alisema ukuta wa udongo unapumua, na kila mwaka kabla ya mvua unakandikwa upya. Nikamjibu kwamba hatashika tope tena maisha yake. Nilisema hayo mbele ya majirani, kwa sauti.

Leo wageni walimwamkia shikamoo, akaitikia vizuri. Kisha Neema akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukalia kama debe tupu.

"Fundi, nani alipiga saruji hapa?"

Mama ndiye aliyejibu, kakaa kwenye kigoda chake: "Fundi mkubwa kutoka mjini, mwanangu. Huyo anajua kuliko bibi zake."

Wakacheka wote. Hawakujua wanamcheka nani.

Neema alichomeka bisibisi kwenye ufa, ikazama hadi mpini. Misimu yote hii maji yameingia ukingoni mwa paa, yakakosa pa kutokea. Udongo nyuma ya plasta umegeuka unga, na mchwa wamejialika. Ukuta wa mashariki una nguzo tisa. Tano hazibebi kitu.

"Samahani, fundi, hapa siwezi kuleta watu," alisema taratibu. "Si salama. Na si tembe tena."

Akalifuta kwenye orodha.

Nimemkasirikia njia nzima ya kurudi mjini. Jana mlitucheka kwa sababu ya udongo, leo mnatufuta kwa sababu ya saruji. Mlitaka tukae vipi? Nikawapigia ndugu zangu wanne, ambao wote walipiga picha mbele ya plasta ile na hakuna aliyebeba hata ndoo ya maji. Jibu la kaka mkubwa: "Si wewe ndiye fundi?"

Lakini si hilo linalonikaba.

Wageni walipopanda gari niliingia chumbani kwa mama. Kitanda hakimo. Nimekikuta jikoni, kwenye kibanda cha moshi, kati ya mafiga na gunia la mtama. Analala humo tangu masika yaliyopita, ukuta ulipoanza kumdondokea. Kila nikipiga simu ananiambia nyumba ni nzima.

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Ulifurahi mno, baba. Ningekuvunjaje moyo?"

Kuhamia kwangu mjini hataki hata kusikia. Anataka nyumba yake.

Nimepiga hesabu. Plasta ni mita za mraba tisini na sita. Watu watatu wenye nyundo na patasi, siku tano. Kubadilisha nguzo, siku mbili. Kukandika, siku tatu. Jumla kumi, na mawingu yale hayanipi zaidi ya hizo. Naanza kesho baada ya ibada.

Mama amekubali kunifundisha kukandika, ila kwa sharti moja: nikamwombe somo hilo mbele ya majirani walewale, kwa sauti ileile.

Nyundo ziko tayari mlangoni. Sauti ndiyo sijaipata.