Bahasha ya Kumi na Saba

Jumatatu, 9 Juni 2025

Miguu imevimba tena. Moyo unachoka – mimi ni daktari, sihitaji kuambiwa. Ukungu haujaondoka hapa Mwika, mlimani, tangu juzi.

Gladness, jirani, kaleta mtori wa ndizi. Nimekula vijiko vitatu. Kasema nile, nikifa na njaa watu watauliza mpishi alikuwa nani. Nimecheka hadi kikohozi kikanishika. Kisha kakimbia kwake kumgeuza Ezra, mwanawe. Miaka kumi na minne. Hasemi, haketi bila kuegemezwa.

Tangu mke wangu afariki, ni Gladness anayenilisha. Hajui anamlisha nani.

Alhamisi, 12 Juni

Niandike, mkono ungali unashika kalamu.

2011. Utafiti wetu, hospitalini mjini. Watoto wachanga wenye kile kifafa cha kujikunja: mtoto anaamka, anainama ghafla, mikono inaruka mbele, tena na tena. Asipotulizwa mapema, akili inabaki pale pale. Dawa mbili, prednisoloni na vigabatrini. Ipi bora? Hatukujua. Ndiyo maana bahasha zilifungwa na kupewa namba – kila mtoto apate itakayomwangukia.

Siku moja walikuja wawili. Stella, mjukuu wangu, bahasha ya kumi na saba. Ezra, ya kumi na nane. Nilizifungua peke yangu. Ya Stella ilisema vigabatrini, ya Ezra prednisoloni. Mimi moyoni niliamini prednisoloni.

Nikabadilishana karatasi zao.

Stella alitulia siku ya sita. Ezra hakutulia. Ilipofika zamu ya kumjaribia dawa ya pili, nimonia ilikuwa imemshika, na prednisoloni ingemwongezea hatari. Alipopona, tulikuwa tumechelewa.

Ingemponya? Hata leo sijui. Wengine hutulia kwa hii, wengine kwa ile, wengine kwa yoyote hawatulii. Tulilinganisha kwa sababu hatukujua. Nami nikajifanya najua – kwa ajili ya mjukuu wangu tu.

Jumapili, 15 Juni

Esther, binti yangu, mama yake Stella, kapanda kutoka Shirimatunda, mjini, baada ya ibada. Nimemwambia. Kasema nife nalo. Stella ni mtoto wa kidato cha pili, atamtazamaje Ezra?

Baadaye kalegea: basi atumwe mzee Aminieli wa ukoo na jani la isale, aniombee msamaha. Nimekataa. Gladness akipelekewa isale hawezi kukataa kusamehe, mila haimruhusu. Huo si msamaha, ni kumfunga kamba. Nilishamwamulia mara moja.

"Baba, wewe unataka kupumua tu," kasema.



Jumatano, 18 Juni

Gladness kaanza mwenyewe. Alikuwa ananikata kucha. Kasema kuna jambo halimtoki: alimweka Ezra nyumbani wiki mbili kabla ya kumleta hospitali, mama mkwe akisisitiza kuwa ni mchango tu wa tumbo la watoto, utapita.

"Nilimharibu mwenyewe, meku, mzee wangu."

Nikamwambia. Bahasha, karatasi, Stella, yote.

Hakulia. Kaendelea kushika kidole changu, wembe hewani. Kauliza dawa ya Stella inaitwaje. Nikamtajia. Kauliza kama bado ipo. Nikasema ipo, hata maduka ya dawa mjini yanayo.

"Basi apewe sasa."

Akaondoka. Dawa ile ilikuwa na majuma yake ya kufaa, mtoto akiwa wa miezi sita. Yamepita. Ilitosha niseme neno moja, tumechelewa, nami nikakaa na kucha zangu nusu zimekatwa.

Namsikia ng'ambo ya migomba. Kampigia simu mtu wa bajaji. Anambembeleza Ezra avae sweta, anamwambia wanashuka mjini, daktari kasema dawa ipo. Nimemwita mara mbili. Sauti haifiki.

Sasa anakuja, kambeba mgongoni, miguu ya kijana inaburuta kwenye majani. Hodi. Anataka nimwandikie jina la dawa kwenye karatasi, wasije wakampa nyingine.