Mpaka Jibu Litoke

Makwale, Kyela

Kwako dada yangu mpendwa Jeni,

Ugonile, dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mbeya, wewe, shemeji na watoto, na kwamba kifua chako kimetulia. Sisi tunapumua. Mpunga umeshika vizuri, na kakao ya baba tunaianika kila jua likitoka. Usishangae kuona barua. Simu hapa nyumbani ni moja, na haya sitaki mume wangu ayasikie.

Uliuliza habari za maombi ya ukaazi ya Ezra. Bado. Afisa wa uhamiaji alitueleza kwa upole kwamba kunioa mimi hakujamfanya mwenyeji. Aliingia kama mgeni wa matembezi, na ameruhusiwa kukaa mpaka jibu litoke. Akivuka mpaka kabla ya hapo, maombi yamekufa, na huenda asiruhusiwe kurudi. Watu hapa wanaona ni mzaha. Kwao Ezra ni hapo tu ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, na Kinyakyusa chake kinawashinda vijana wetu. Jirani yetu mzee Ambakisye alimwuliza afisa ni mgeni gani huyu anayetuchimbia makaburi kila msiba. Afisa alicheka, lakini hakubadilisha neno.

Dada, nimechoka. Pikipiki yoyote ikisimama barabarani, nadhani wamemfuata.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Mama mkwe anaumwa sana. Wifi Neli hupiga mchana, Ezra akiwa shambani na simu ninayo mimi. Mara ya kwanza alisema, “Mama anamtaja Ezra tu. Mwambie aje amshike mkono.” Nikaitikia. Sikumwambia. Namjua Ezra, angevuka siku ile ile kwa mtumbwi, akamatwe, nami nibaki na mtoto huyu mdogo peke yangu. Basi kila Neli akipiga nasema kaka yake yuko njiani, kisha nafuta namba. Jioni namwekea Ezra maji ya kuoga, ananishukuru kwa ndaga yake, na mimi siwezi kumtazama. Jana alisema kibali kikitoka, safari ya kwanza ni kumpelekea mama yake mchele.

Nishauri, dada. Nikisema nampoteza, nikinyamaza nampoteza.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na shemeji mwambie tu kwamba hatujambo. Ukinijibu, usipige. Neli alikuwa akipiga kila siku. Tangu juzi hajapiga, na mimi naogopa kumpigia.

Mdogo wako,
Kisa