Salio la Msiba la Bibi

Bibi yangu kipenzi,

Shikamoo. Najua ungeitikia, "Marahaba, mke mwenzangu," halafu ungeniuliza kama nimekula, kama nimeshiba, na kama hicho kilichonishibisha kilikuwa na nazi. Nimekula, nimeshiba, na nazi ilikuwepo. Nakuandikia kwa sababu leo baada ya Alasiri Baba atapiga simu kutoka Maskati kuniuliza swali lile lile aliloniuliza siku ile ukiwa ubavuni mwangu. Safari hii nafasi yako kwenye mkeka iko wazi.

Unaikumbuka siku tuliyokwenda Kariakoo kununua ile simu? Baba alikuwa amekubembeleza tangu mfungo. "Mama, nunua simu kubwa tuongee bure." Ukamjibu kwenye kitochi chako, "Bure gani hiyo inayoanza kwa kuuza nazi?" Lakini mtoto alikuwa mbali, na ulikuwa na hamu ya kumwona uso. Ukaenda Kimbiji, ukaangusha nazi za msimu mzima kwenye kile kishamba alichokuachia marehemu Babu, tukaingia dukani na pesa zimefungwa kwenye pindo la kanga. Muuzaji akaanza kukusomea sifa, kamera hivi, GB vile. Ukamkatiza: "Hizo jibii zinapikwa, au zinaliwa mbichi?" Alicheka mpaka akatupunguzia, na bado bei iliyobaki ilikuwa ya kumtoa mtu jasho.

Tangu siku hiyo hukuwahi kuiita simu. Uliiita minazi. "Nipe minazi yangu." "Nani kaiacha minazi yangu juani?" Uliivalisha kava, juu ya kava kitambaa, juu ya kitambaa soksi ya Babu, na Baba akipiga ilibidi kwanza tuivue nguo. Mara nyingi alikata kabla hatujafika kwenye kitambaa.

Kule kwake ile app ya watu wote ilikuwa haipigi simu wakati ule, inatuma maandishi tu, kwa hiyo akatuelekeza nyingine ambayo hata jina lake lilitushinda kulitamka. Ilikuwa bure kweli, ila ilijaa matangazo. Ukiifungua tu anatokea dada aliyevaa nusu nguo, anasema anatafuta rafiki. Wewe ulimjibu kila siku bila kuchoka: "Jistiri kwanza, mwanangu, marafiki watakuja." Na kwa kuwa hatulipi, ulisalimia mpaka ukamaliza. Ulimuuliza Baba hali yake, hali ya wenzake wa chumbani, hali ya tajiri wake, hali ya ngamia wa tajiri wake. Yeye anataka kukwambia kaumwa jino, wewe bado uko kwa ngamia.

Kitochi chako kikastaafu, kikabaki na kazi ya kutumulikia njia ya uani umeme ukikatika. Ila ndani yake mlikuwa na salio la elfu tano ambalo hukuruhusu mtu aliguse. Nilikuomba mara ngapi nijiungie bando?

"Hilo salio la msiba," ulisema. "Mambo ya kucheka yapite kwenye bure. Kifo hakisubiri bando."

Kila mwezi ulimbipu Mama Zuhura wa nyumba ya pili ili laini isifungwe, na kabla ya kumbipu ulisimama dirishani ukampigia kelele: "Nakubipu! Ole wako upokee!"

Kisha likaja lile la posa. Mtoto wa rafiki yake Baba, kijana mwenye kazi yake na heshima zake, sina neno baya juu yake. Ila miezi yote ile alinitumia picha ya waridi na "Asubuhi njema", na Ijumaa waridi lile lile na "Ijumaa Mubarak". Hakuwahi kuniuliza hata kama nimeamka. Ulipochungulia simu yangu uliguna: "Huyu anaposa au anauza maua?" Nikakwambia simtaki. Ukasema, "Usiniambie mie. Mwambie babaako, kinywa unacho."

Ijumaa ile tuliiegemeza minazi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, pale pale ukumbini kwetu Tandika. Upande wa pili chumba cha Baba kilikuwa kimejaa wazee wenye kofia, na sinia la halua katikati. Baba akakohoa.

"Mwanangu, umeposwa. Umeridhia?"

"Sijaridhia, Baba," nikasema, macho chini kwa adabu.

Hapo hapo mtandao ukafanya yake. Sisi tuliwaona na kuwasikia vizuri, ila kwao mimi niliganda, macho chini, mdomo umefumbwa, mwali wa kupigiwa mfano. Nikarudia, "Sijaridhia!" Nikapaza sauti mpaka Mama Zuhura akachungulia. Kule Maskati nikaendelea kuona haya.

"Mmemwona?" mzee mmoja akasema kwa furaha. "Kainama, kanyamaza. Mwali akinyamaza karidhia."

Wenzake wakaitikia. Mwanamke fulani nyuma ya pazia akapiga kigelegele, sinia likaanza kusogezwa, na mzee wa ndevu nyeupe akainua mikono isomwe fatiha. Ikishasomwa mie ni mchumba wa mtu, na kuvunja baada ya hapo ni aibu ya koo mbili. Nikaanza kulia. Wewe ukabonyeza kila kilichong'aa kwenye kile kioo, akatokea yule dada anayetafuta rafiki.

Bibi, ndipo ulipoitupa minazi. Msimu mzima wa Kimbiji uliruka, ukatua sakafuni, nikasikia kioo kinalia. Hukugeuka hata kuitazama. Ulichomoa kitochi kiunoni, ukapiga namba ya Baba kwa kichwa, na wewe ambaye salamu zako zilianzia kwa mtu zikaishia kwa ngamia, siku hiyo hukutoa hata hujambo.

"Shusheni mikono. Mjukuu wangu kasema hataki, nimemsikia mie kwa masikio yangu. Halua kuleni."

Baba akaanza kubisha. Wewe ukakilaza kitochi juu ya mkeka, ukaenda kuteka maji ya kutawadha, ukamwacha abishane na mkeka mpaka elfu tano ikaisha.

Alinuna, si unakumbuka. "Mama, umeniaibisha mbele za watu." Ukamwambia, "Aibu ni kama bando, mwanangu. Ina siku zake." Na kweli iliisha. Kufika Maulidi alikuwa anakueleza habari za jino.

Mie nilikuwa naililia simu. Kioo chake kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe, na kukibadilisha ni kama nusu ya bei ya simu yenyewe. Ulinitazama kama mtu aliyepungukiwa. "Kioo fundi wake yupo," ulisema. "Mume akikupasukia, fundi wake nani?"

Fundi wa kioo alikuwepo kweli, ana meza yake karibu na soko la Tandika. Niliweka minazi mbele yake, nikavua soksi, nikavua kitambaa, yeye ananitazama tu. Akauliza, "Ilipasukaje?" Nikamsimulia yote, mpaka na halua. Nilipomaliza hakucheka. Akauliza, "Sasa wewe mwenyewe ulikuwa unataka nini?" Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amewahi kuniuliza hilo.

Baada ya hapo simu yako ikawa mgonjwa wa kudumu. Leo spika, kesho chaji, keshokutwa inapata moto. Uliniangalia ukumbini nikijipaka wanja ukasema, "Mke mwenzangu, hii minazi mbona inaumwa ukishaoga tu?" Lakini uliniachia. Siku moja ulinipa na nazi mbili nimpelekee "daktari".

Halafu ukaondoka, hukungoja kuona mwisho wake. Asubuhi ile nilishika kitochi chako nimpigie Baba, kikaniambia salio halitoshi. Ulisema utalirudisha ukiuza nazi, na nazi zilikuwa bado hazijakomaa. Salio la msiba wako ulikuwa umelimaliza kwangu. Nikapiga kwa ile ya bure. Baba akatokea kwenye kioo kipya, na mie sauti ikagoma. Nilimtazama tu.

"Nimeelewa, mwanangu," akasema.

Nina hamu nawe, Bibi. Nikikuna nazi ndiyo inakuwa mbaya zaidi.

Sasa fundi amempelekea Baba posa kwa wazee wa kwao walioko huko huko Maskati, na Baba amewapokea kwa adabu zote. Anataka apige kwa app, wote wanione. Nimemwambia uso wangu watauona bure, ila jibu litapita kwenye kitochi. Akasema naharibu pesa. Nikamkumbusha kwamba hiyo bure yake ilitugharimu nazi za Kimbiji na kioo juu.

Vocha nimeshanunua, nimeikwangua kwa kifuu kama ulivyokuwa ukifanya. Baba akiuliza, sitainama wala sitangoja mtandao. Nitasema "Nimeridhia" mpaka Mama Zuhura achungulie. Kisha sitakata. Nitakilaza kitochi juu ya mkeka, pale unapokaaga, niwaache Baba na wazee wasalimiane huko, nawe ukiwasikia, mpaka salio liishe.

Mungu akulaze pema, Bibi, na huko uliko wakupe nafasi ya kumaliza salamu zako.

Mjukuu wako na mke mwenzako,
yule uliyemsikia.