Reflekta Haijakauka

Ipogolo, Iringa
21 Januari 2024

Mama yangu mpenzi,

Naima sasa hivi amechukua kiatu chake cha shule akakitumbukiza chooni. Kimoja tu. Nilipomuuliza kwa nini, kanijibu, "Kimoja kilichobaki hakiwezi kwenda shule peke yake." Nimecheka hadi nikakaa chini, halafu machozi yakanitoka, maana najua anachokikimbia.

Shikamoo mama. Magoti yanasemaje na mvua hizi? Na masikio? Ungekuwa unasikia kwenye simu ningekupigia, lakini basi, namkabidhi Obeid konda karatasi hii, akifika Chimala atakuletea sokoni kwenye mchele wako. Sisi miili mizima.

Mama, mtoto hakatai shule, anakataa njia. Shule iko kule juu mlimani na malori yanateremka hapa Ipogolo kama yanafukuzwa. Kabla ya likizo lori lilimkanyaga mtoto wa mtaa wa nyuma. Begi lake nililiokota mimi. Halikuwa na tundu hata moja, ila ndani penseli zote zilikuwa unga. Ndiyo maana watoto tunawapakia pikipiki. Mimi alfajiri niko maegesho ya malori na supu na chapati zangu, siwezi kumsindikiza, na baba yake yuko machimboni Chunya, akikumbuka anatuma salamu.

Anayewabeba wa mtaa wetu anaitwa Masumbuko. Anapakia wanne, na asubuhi ameshapitia pombe ya ulanzi. Mtoto akijitikisa anamchapa na ule mpira wa kufungia mizigo. Jana namwogesha Naima nikaona mistari mgongoni, mingine imevimba. Nikamfuata kijiweni kwao pa pikipiki. Akaniambia mbele ya wenzake, "Mzigo wangu naufunga ninavyojua mimi." Wakacheka.

Kuita dereva wa kijiwe kingine haiwezekani. Mwaka jana alikuja mmoja, wakamvunja taya kwa helmeti, meno yake kuku walikuwa wanayadonoa wakidhani mahindi. Na mtaa wenyewe tulikubaliana, baada ya zile habari za wezi wa watoto: dereva wa kijiwe chetu avae reflekta, kile kizibao cha rangi ya machungwa, chenye namba mgongoni. Asiyekuwa nayo akimshika mtoto, mtoto apige yowe, na kila atakayesikia atoke na alichonacho mkononi. Naima nimemfundisha. Akipiga yowe, mbuzi wanakata kamba.

Basi mama, nakuomba mdogo wangu Hamza. Aje na pikipiki yake, ajiunge na kijiwe kwa utaratibu, awe anambeba Naima. Naamini yakipatikana hayo tu, mengine yatanyooka.

Mwanao,
Mwanaidi


Chimala
28 Januari 2024

Mwanangu Mwanaidi,

Marahaba. Magoti ni yale yale, siku za mvua yananiamsha kabla ya adhana. Naima mpe pole ya mgongo, na mwambie bibi amesema choo si kabati la viatu.

Hamza anakuja. Tukimaliza kupandikiza mpunga anaondoka. Ila mdogo wako unamjua, mikono yake inafika kabla ya maneno. Mwaka huu tu ameshamtupa mtu mferejini kwa sababu ya koleo. Mwambie akifika kijiweni aamkie kwanza, anunue soda, akae wanapokaa. Na ile habari ya mistari mgongoni usimsimulie. Nakuomba sana hilo. Mimi nimesoma hapa nikajikuta nimeshika kisu cha vitunguu.

Nakuletea mchele kwa huyo huyo Obeid. Usimpikie mume asiyekuja.

Mama yako


Ipogolo
18 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, na asante ya mchele, umenukia mtaa mzima hadi jirani yangu Juliana kaja na sahani kabla hajanisalimia kamwene. Presha yako umeipima? Sisi tuna afya na tuna furaha pia.

Mama, sikumsimulia mistari. Naima ndiye alimwonyesha. Siku ya pili tu alimvulia shati mjomba wake akamwambia, "Tazama barabara zangu." Hamza alivaa viatu. Nilimkimbilia nikiwa na kanga moja, na nilipofika kijiweni Masumbuko alikuwa ameshalala chini, ule mpira wake umezungushwa shingoni, Hamza juu yake na goti. Mdomo wa Masumbuko ulikuwa umepasuka. Hamza alimuuliza, "Mzigo ukifungwa hivi unajisikiaje?" Wenzake walimpiga Hamza mgongo na kichwa lakini hakuachia mpaka mwenyekiti wa kijiwe, Gerson, mzee mmoja Mhehe mwenye sauti ya chini, alipomshika bega na kumwambia inatosha, mwanangu, ameshasikia.

Jioni ile Gerson aliita kikao. Mama, nilifikiri watamfukuza. Kumbe na wao walikuwa wamechoka. Masumbuko akanyang'anywa watoto, Hamza akapewa reflekta, namba kumi na saba. Sasa anabeba Naima na wa jirani mmoja, wawili tu kwa safari, na akiwashusha anawakagua kucha kama mwalimu. Naima anaamka mwenyewe. Anavaa kiatu kabla ya nguo.

Masumbuko bado yupo pale kijiweni. Hasemi na Hamza. Anakaa anachonga kijiti na kumwangalia.

Mwanao,
Mwanaidi


Chimala
25 Februari 2024

Mwanaidi mwanangu,

Marahaba. Presha iko juu na wewe ndiye umeipandisha.

Mtu uliyemlaza chini mbele ya watu hawezi kukusamehe kwa sababu kikao kimesema. Mpeleke Hamza akamwombe radhi. Anaweza kuwa na haki na bado akaomba. Aombe mchana, kijiweni pale pale, wakimwona.

Mama yako


Chimala
10 Machi 2024

Mwanaidi,

Hujambo? Naima hajambo? Hamza je?

Mbona kimya. Obeid amepita hapa mara mbili hajashuka kwenye basi. Leo nimemvizia nikamshika shati, nikamuuliza wanangu wazima? Akasema wanakusalimia, huku anaangalia matairi. Konda aliyezoea kunitania hadi namtupia gunzi, leo anaangalia matairi.

Mwezi unaandama kesho kutwa. Usiniache nifunge nikiwa hivi.

Mama


Ipogolo
12 Machi 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Keti kwanza. Hamza yupo hai. Rudia kusoma hapo kabla hujaendelea. Obeid usimchukie, nilimwapisha mimi asikuambie mpaka daktari aniambie neno, na leo amesema ataishi. Jicho la kushoto limekwenda.

Nakueleza ilivyokuwa. Jumapili ya tarehe tatu mvua ilikuwa imemtapakaza tope, nami nikaona mdogo wangu asionekane mchafu mbele ya walimu, nikamfulia reflekta. Jumatatu haijakauka. Asubuhi aliivaa hivyo hivyo mbichi, akatetemeka baridi, mchana nikamwambia iache kambani, nani asiyekujua sasa? Nilisema hivyo mama. Akaenda kuwachukua watoto na shati lake la bluu.

Siku hiyo Juliana alikuwa amempeleka shule mwanawe Anjela kwa mara ya kwanza. Mtoto ametoka Kalenga kwa bibi yake, Hamza hajawahi kumwona, aliombwa tu amrudishe pamoja na wetu. Mama yake alimwambia utafuatwa na mjomba mwenye reflekta. Hamza alipomshika mkono ampandishe, Anjela akatazama, haoni reflekta. Akafanya tulivyowafundisha wote. Akapiga yowe.

Watu walitoka mama. Walitoka na michi, na mawe, na mmoja na shoka la kuni. Naima anapiga kelele ni mjomba wangu, ni mjomba wangu, hakuna aliyemsikia. Masumbuko alikuwa pale na abiria. Anamjua Hamza kama anavyojua kiganja chake. Yeye ndiye alisema, "Huyu ndiye mwizi wa watoto, tumemtafuta sana," na jiwe la kwanza ni lake, ndilo lililochukua jicho. Hamza alipigana mpaka akapiga magoti. Walimpiga wasiojua jina lake. Mwanamke ninayemuuzia chapati kila siku alimpiga na mwiko. Halafu Masumbuko akachomoa mpira wa petroli kwenye pikipiki ya Hamza mwenyewe, akammwagia.

Naima akalala juu yake. Mtoto wa miaka saba mama, alijilaza juu ya mjomba wake, akashika shati, na petroli ikamwingia kwenye nywele. Fimbo mbili zilimpata mkononi. Masumbuko alikuwa ameshatoa kiberiti.

Aliyefika ni Gerson. Aliangusha pikipiki yake ikiwa inaunguruma, akamchapa Masumbuko mkono kwa mnyororo, kiberiti kikaruka kwenye tope. Wengine wakataka kumgeukia na yeye. Basi akavua reflekta yake, akamfunika nayo Hamza na Naima. Hicho tu. Watu wakaona rangi ya machungwa, wakashusha mawe. Mmoja akauliza, kumbe ni wa kijiwe? Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakijipangusa mikono.

Masumbuko yuko polisi. Mkono wa Naima umefungwa plasta. Kinachoniumiza ni kwamba tangu siku ile hajatoa sauti. Halii, haniiti, akitaka maji ananivuta kanga. Alipiga kelele za maisha yake yote siku moja na hazikusikika.

Reflekta bado iko kambani. Siwezi kuigusa.

Njoo mama.

Mwanao


Chimala
5 Mei 2024

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu kwenu nyote, na kwa Juliana aliyenipa godoro lake mwezi mzima nilipokuwa hapo kwenu. Nimefika salama, mpunga umeiva, ndege wamekula sehemu yao.

Nasikia Masumbuko ametoka kwa dhamana. Nilipompiga kandambili pale polisi askari alinikataza, sasa najuta sikumpiga na zote mbili. Jihadhari naye. Hamza mwambie arudi nyumbani, jicho moja linatosha kuangalia mpunga.

Naima ameshasema? Na nani anawapeleka sasa? Nijibu hilo hasa.

Mama yako


Ipogolo
20 Mei 2024

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Mavuno yamekwendaje? Hamza anakula, anatania, anagonga milango upande wa kushoto. Kurudi amekataa.

Umeuliza nani anawapeleka. Mama, ni mimi. Usiweke karatasi chini, endelea. Hamza alinifundishia kwenye uwanja wa mpira, amekaa kwenye kigoda na bandeji lake, anafoka, "Achia klachi kama unamlaza mtoto, dada." Nimeanguka, goti limechubuka, nimempitia bata wa Juliana, tumemla. Gerson akaniita kikaoni, akanivalisha namba kumi na saba. Supu ya alfajiri anauza Juliana, na wanawe nawabeba mimi. Na ile sheria ya yowe tumeigeuza. Anayesikia anatoka, ndiyo, lakini hanyanyui mkono mpaka mtoto aulizwe na ajibu. Walioitikia kwanza ni wale waliompiga Hamza. Yule wa mwiko ameniletea mayai. Nimeyapokea, sijui kama nimesamehe.

Leo ndiyo siku ya kwanza. Masumbuko amekaa kwenye kona ya mteremko tangu kulipopambazuka, ana jiwe miguuni. Gerson na wenzake nao wamepanga pikipiki zao kona ile ile, wamezima injini, wanamtazama tu. Hamza amesimama mlangoni na mchi. Watoto wameshapanda mama, na mimi nitapita pale pale, taratibu, gia ya pili.

Kuhusu Naima, bado hajasema. Jana usoni alionekana anakaribia, midomo inacheza, nikamwambia mama hana haraka, siku yoyote utakayotaka mimi nitasiki

Mama kuna mtu ananiita huko nje. Si Juliana. Mama, ni Naima, ni sauti yake, anasema mama twende tunachele