Mawe ya Siku Hizi Yamekonda

Kambi ya Juu,
Boito, Konoin,
Bomet.
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa mpwa wangu Nelvine,

Nakusalimu kwa sauti ileile uliyokuwa ukiisikia kutoka ng'ambo ya bonde ukiwa mdogo. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Kanada? Mama yako anasema siku hizi unavaa soksi mbilimbili. Hata Boito imetia bidii wiki hii. Asubuhi ukungu hautuachi tuonane. Lakini mimi bado naoga maji ya mtoni, na ni mto unaotetemeka, si mimi.

Sisi ni wazima, Mungu ashukuriwe. Anti yako Nyamusi goti limepona, na ng'ombe wake amezaa ndama jike.

Sasa jambo lililonifanya nitafute kalamu. Mama yako amenisomea ujumbe wako. Unasema hilo somo ulilotengeneza, la watoto wa Boito na wa Sigor kule chini kwenye joto kukutana kwa tableti na kutafuta majibu pamoja, limekufa siku ya kwanza. Kwamba uliuliza, "Nani ana swali?" na hakuna aliyefungua mdomo. Kwamba muhula ukiisha utawaambia wakubwa wako wa chuo wazipeleke hizo tableti kwingine. Nelvine, usiwaambie bado. Wewe uliona skrini. Mimi nilikuwa ndani ya darasa.

Ulinialika niwe mgeni, niwaambie kuhusu mvua ya mawe, kisha watoto wanichunguze kwa maswali. Kazi yangu niliifanya, na nani angeifanya kuliko mimi? Niliwaeleza mawe yaliyotuangukia shambani nikiwa kijana, makubwa kama mayai ya bata. Nilivyomwaga uji, nikavaa sufuria kichwani, nikawatoa wachumaji mmojammoja kwenye majani chai mpaka wakaisha. Nilipoivua, sufuria ilikuwa imetoboka kila mahali, na tuliitumia kuchujia chai mpaka nikaoa.

Kisha ukauliza nani ana swali. Hapo ndipo palipoharibika, na si kwa ubaya wako, ni vile umekaa mbali. Tunasema kuuliza si ujinga, sawa, lakini mtoto wa huku ataanzaje kumuuliza mzee mwenye mvi, mbele ya mwalimu na Kanada nzima, kama ana hakika? Awe Mkipsigis, Mkisii au Mjaluo, hajafunzwa hivyo kwao. Wakanyamaza. Wewe ukaona somo limekufa, kumbe ilikuwa heshima.

Ukaaga, picha yako ikapotea. Mwalimu Sagini akaenda ofisini bila kuzima upande wa Sigor. Mimi nikatoka nje, nikaketi nyuma ya tangi la maji, karibu na dirisha la darasa, nitoe mchanga kwa gambuti, hivi viatu vyangu vya mpira. Haya niliyasikia kwa masikio yangu.

Alianza msichana anaitwa Chepkurui. "Kama mawe yalitoboa sufuria, mbona hayakutoboa kichwa?"

"Pengine kichwa cha mzee ni kigumu kuliko sufuria," akasema Phelix, yule ambaye baba yake yuko kiwandani.

"Haya, na ng'ombe walikuwa wamevaa nini?" akauliza mwingine.

Wakacheka mpaka madirisha yakalia. Kisha sauti ikatoka kwa tableti, mtoto wa Sigor: "Nyinyi mnaringa na mawe. Huku kwetu hatuyajui, tuna jua tu. Mbona yanawapenda nyinyi peke yenu?"

Hapo kila mtu akawa na jibu, na hakuna aliyejua. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshasimama niingie nikawaeleze, kwa maana mimi sikosi jibu. Halafu nikakumbuka kazi yangu.

Unajua mimi ni nyapara tangu zamani. Nikisimama juu ya wachumaji, vidole vinaenda lakini midomo imefungwa. Nikivuka upande wa pili wa kilima ndipo wanaongea, na ni katika hayo maongezi utajua nani ni mgonjwa, na kona gani ya shamba ianzwe kesho. Nyapara mwenye akili huwaonyesha mstari kisha huondoka. Tena akirudi, hukohoa kabla ya kufika, wapate kumaliza neno lao. Nikaketi tena.

Na hawakutumwa na mtu. Walipatana wajaze karai udongo laini wa mtoni, waweke nje, Boito na Sigor. Mawe yakianguka yataacha shimo, na shimo haliogopi mzee. Jumanne yakaanguka kwetu. Mashimo yakatoka kama maharagwe. Wa Sigor wakatuma picha ya karai lao, limekanyagwa na mbuzi, wakaandika, "Mawe ya kwetu yana kwato."

Sasa wanabishana kila siku. Phelix anasema ni kwa sababu tuko juu. Chepkurui anasema ni msitu na majani chai. Kila alasiri wanatumiana picha za mawingu. Sagini mwenyewe amekubali kwamba hajui, na siku hizi anafika shule mapema.

Chepkurui ndiye waliyemtuma kwangu na matokeo. Aliinamisha kichwa nimguse, kama wanavyosalimu watoto wa Kipsigis, kisha akasema, "Mzee, tumepima. Tumeona mawe ya siku hizi yamekonda."

Hilo jibu nimelala nalo, Nelvine. Hakunivunjia heshima, na ukweli hakuuficha. Mimi bado nasema yalikuwa mayai ya bata, nilikuwepo, na nikamwambia hivyo. Akaniambia, "Basi tutaendelea kuweka karai."

Mtoto akifikia hapo, unataka somo limfanyie nini tena? Alhamisi utakutana nao, ndiyo maana mama yako ataipiga picha barua hii akutumie kwa simu leo. Usiulize nani ana swali. Waambie jambo lako, liwe kubwa, wewe ni damu yangu hutashindwa. Kisha zima picha, uwaache na wenzao wa Sigor, ukae kimya usikilize. Ukimaliza kusikiliza ndipo uwaandikie wakubwa wako.

Mama yako Janefer anakusalimu, pia Nyamusi na ndama wake ambaye hajapata jina. Mjomba wako Bogonko wa Siongiroi anasema ana fahali mzito kuliko lori. Hiyo habari nimeshawapelekea watoto, wameanza kuuliza atapimwa na nini.

Mungu akulinde mchana na usiku, na baridi ya huko ipite bila kujua mlango wako.

Ni mimi mjomba wako akupendaye bila kupunguza,
Mochama

Nilitaka kusahau: ukitaka kurudisha picha yako, kohoa kwanza.