Jumapili kwa Akina Lockwood

Camden, London
10 Mei 1961

Mama yangu mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta u mzima, umeketi, na miguu umeipandisha juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza, ingawa nakufahamu, pengine unaisoma umesimama huku unakoroga kitu jikoni. Kikohozi cha baba kinaendeleaje? Mwambie asiivue ile skafu eti kwa kuwa jua limechungulia. Mei ya Batley si ya kuaminiwa. Mimi huku sijambo. Nakula vizuri siku zote isipokuwa Ijumaa, ambapo mwenye nyumba wangu, Bibi Pettifer, huchemsha samaki mpaka huwezi tena kuamini kwamba aliwahi kuwa na mifupa.

Ulinikaripia kwa kukaa kimya tangu Pasaka, na ulikuwa na haki. Sikunyamaza kwa sababu ya kazi nyingi, kama nilivyomwandikia baba. Nilikuwa na jambo ambalo sikujua nilianzie wapi, na sasa yamekuwa mambo mawili, kwa hiyo naomba uketi kweli.

La kwanza ni hili. Gerald Lockwood, yule mchora ramani niliyekutajia wakati wa Krismasi, amenichumbia nami nimekubali. Ni mtu wa Kusini, mama, wa Dorking, si wa Kaskazini kama sisi. Najua umesema maisha yako yote kwamba watu wa Kusini watakuacha ufe mlangoni kabla hawajabandika birika la chai. Huyu hubandika, na huosha vikombe pia. Jumapili iliyopita alinipeleka kwao kula chakula cha mchana, wazazi wake wanione, na yaliyotokea huko ndiyo yaliyonikalisha leo niandike.

Ujue kwamba huku nimeshazoea mengi. Siku ya kwanza Bibi Pettifer alinionyesha swichi ya taa, akaiwasha na kuizima mara tatu, polepole, akaniambia nisiogope, haiumi. Bafuni aliniomba kwa adabu nisiweke makaa ya mawe ndani ya beseni la kuogea. Ofisini wanadhani kila mwanamume wa Kaskazini hufuga njiwa, hula utumbo asubuhi na hulala na kofia kichwani. Kwa hiyo nilipokuwa kwenye treni ya Dorking nilijiapiza kwamba hata waseme nini, nitatabasamu.

Bibi Lockwood ni mwanamke mwema, na wema wake ndio ulionimaliza. Alinipokea mlangoni akaanza kusema nami kwa sauti ya juu, neno moja moja, kama mtu anayemwita kiziwi aliye ng'ambo ya mto. Alinishika mikono akaitazama, kisha akasema, “Masikini, binti yangu, mbona laini hivi?” Aliuliza kama baba hurudi nyumbani akiwa mweusi kwa vumbi la makaa. Nikamwambia baba hajawahi kushuka mgodini, yuko kiwanda cha sufu. Akafikiri kidogo, kisha akasema kwa huruma, “Aa, basi hurudi mweupe.”

Mumewe, Bwana Harold Lockwood, ni mtu mrefu, mkavu, anayesema kana kwamba kila neno limepigwa pasi kabla ya kutolewa. Alinisalimu, akanitazama kwa muda mrefu mno, kisha hakunitazama tena. Gerald alikuwa amenionya kwamba baba yake hapendi hata kusikia Kaskazini ikitajwa, na kwamba mtu wa kwetu akisema redioni yeye huizima. Basi nikajua nimekaa mezani na adui.

Kwa heshima yangu Bibi Lockwood alikuwa ameongeza ukubwa wa pudingi yetu, ile ya unga na mayai inayopaswa kuumuka ovenini, ambayo hata wao huila kila Jumapili. Mama, ungelia. Ilikuwa imelala kwenye sahani kando ya nyama, kavu, bapa, kama soli ya kiatu iliyotolewa shimoni. Nikaitafuna. Na nilipokuwa bado naitafuna, sina njia ya kujibu, akaniuliza kama ni kweli kwetu tunaoga mara moja kwa wiki, wote katika beseni moja.

Hapo tabasamu likakatika. Nikameza, nikasema ndiyo, ni kweli kabisa. Nikasema huanza babu, kisha baba, kisha wanawake kwa umri, na mwisho huingia mbwa. Bibi Lockwood akaweka uma chini. Gerald akanipiga teke chini ya meza, lakini nilikuwa nimeshateremka mlima na breki hakuna. Nikaeleza kwamba bibi harusi wa Batley hupimwa kwanza kwenye mizani ya kiwanda kama robota la sufu, na akipungua, hurudishwa kwa mama yake anenepeshwe. Nikaeleza kwamba mwanamume akitaka kuposa hamwambii msichana kitu, ila humletea njiwa mmoja, na msichana akimpika, basi amekubali. Bibi Lockwood machozi yalimlengalenga. “Na asipompika?” akauliza. Nikamwambia asipompika, posa imevunjika, lakini njiwa harudishwi.

Muda huo wote Bwana Lockwood alikuwa ameficha uso ndani ya kitambaa cha mezani, mabega yakimtikisika. Nilidhani ni hasira. Akainuka ghafla, akasema kwa ile sauti yake ya pasi kwamba anakwenda kuleta pudingi iliyobaki, akatoka karibu anakimbia.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Tulisikia mlango wa oveni ukifunguka, tukasikia bati likianguka kwa kishindo, kisha ikapasuka sauti ambayo nilidhani ni ya baba yangu mwenyewe:

“'Aki ya nani! 'Iki kibati kimeniunguza mpaka kwenye ini! Nani kaniwekea 'iki kitu 'apa bila kitambaa? Lo, mama yangu wee, 'ebu nipeni maji!”

Mama, h zote zilimezwa. Hata moja haikusalia. Tulikimbilia jikoni tukamkuta ameketi sakafuni, ameubana mkono kwapani, rangi imemtoka, na si kwa sababu ya moto. Mkewe akamtazama kama mtu aliyekuta mgeni amevaa nguo za mumewe. Akasema, “Harold, umesema nini?” Mimi ndiye niliyemwelewa. Nilichuchumaa, nikamuuliza kwa lugha yetu, nisijali nani anasikia, “We baba, kwenu wapi?”

Akanitazama, akasema kwa sauti ndogo, “Dewsbury.”

Dewsbury, mama! Maili mbili kutoka mlangoni kwetu! Nimesafiri nusu ya nchi kutafuta mume, nimeangukia kwa watu ambao baba hajawasamehe tangu ile mechi ya raga ya mwaka arobaini na saba. Naomba sana, habari hiyo usimpe baba mpaka awe amemaliza kula.

Tuliutia mkono wake kwenye maji baridi, na pale pale juu ya kiti cha jikoni akatoa yote. Baba yake alikuwa akichambua matambara kiwandani. Yeye alikuja London akiwa na miaka ishirini, akapata kazi ya ukarani, na siku ya kwanza wakampa barua aisome mbele ya wenzake. Hakufika mstari wa tatu. Walicheka matamshi yake mpaka mkubwa wao akalazimika kushikilia meza. Tangu siku hiyo akawa anasimama mbele ya kioo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, akifundisha mdomo wake upya kama mtoto. Alipokutana na Bibi Lockwood alimwambia yeye ni yatima kutoka Kent, huku huku Kusini. Hakuwa yatima. Mama yake alifariki mwaka thelathini na nane, naye akaenda kumzika akiaga kwamba anasafiri kikazi. Alirudi siku ya pili yake, akavua tai nyeusi kwenye treni, akala chakula cha jioni na familia yake, hakusema kitu.

Gerald alikuwa ameegemea mlango, anamtazama baba yake kana kwamba ndiyo kwanza anazaliwa. Mimi nilimwangalia Bibi Lockwood, nikingoja apige ukelele. Alikunja mikono.

“Miaka thelathini na mmoja,” akasema, “nimekuwa nikikupikia soli za viatu kila Jumapili, na wewe ulikuwa unajua inavyopikwa?”

Bwana Lockwood akakiri kwamba anajua.

“Ukawa unaitafuna tu?”

Akakiri kwamba alikuwa anaitafuna tu.

“Inuka,” akamwambia. “Aproni ile pale.”

Basi, mama, mtu yule mkavu alifungwa aproni ya maua, mkono mmoja una bandeji, akatupangia kazi kama msimamizi wa kiwanda. Mimi nikavunja mayai, Gerald akapiga unga mpaka mkono ukamfa ganzi. Bibi Lockwood alitaka kuumimina uji wa unga haraka, akazuiwa kwa sauti, “Bado, mke wangu, 'aya mafuta 'ayajatoa moshi!” Pudingi ikaumuka mpaka karibu ishike paa la oveni. Tuliila kwa mchuzi mtupu, kama inavyopasa, ingawa nyama ilikuwa imeshaliwa, na kwetu pudingi ndiyo hutangulia. Bibi Lockwood alikula vipande vitatu, na baada ya kila kipande alimpiga mumewe kofi la begani, kisha akamshika mkono ule mzima. Jioni alikuja kuniuliza pembeni kama habari ya mizani ilikuwa kweli. Nikamwomba radhi. Akasema ya njiwa tu ndiyo aliyoishuku.

Kwenye treni ya kurudi Gerald alicheka mpaka stesheni ya Clapham. Mimi sikuweza. Na hapa, mama, nimefika kwenye jambo la pili, ambalo nimezunguka kurasa hizi zote nikilikwepa.

Unakumbuka Septemba ulipokuja na kikapu, ukanisubiri nje ya ofisi. Nilitoka na wasichana wawili wa ofisini, Daphne na mwenzake. Nilikuwa nimewaambia kwamba nimetoka Cheltenham, mji wa watu wenye matamshi ya kiungwana. Ndiyo, mama, hata mimi nina kioo changu, na nakijua vizuri kuliko Bwana Lockwood. Ukaniita kwa sauti kutoka ng'ambo ya barabara, “'Ilda! 'Ilda wangu!” Nao wakageuka. Daphne akaniuliza huyu ni nani. Nikasema, “Huyu alikuwa akitutumikia nyumbani. Alikuwa yaya wangu nilipokuwa mdogo.”

Nilijidanganya miezi minane kwamba hukusikia. Ulisikia. Uliwapa mkono wote wawili, ukasema, “Naam, mabinti, mimi ndiye niliyemlea. Alikuwa mtoto msumbufu sana.” Kisha tukapanda basi, ukanieleza habari za majirani njia nzima, ukanipa keki, hukuligusa jambo lile hata kwa kidole. Ningependa ungenipiga.

Jumatatu nilifika ofisini mapema, nikawaambia wale wawili kwamba mimi ni mtu wa Batley, na kwamba yaya yule ni mama yangu mzazi. Daphne akaniuliza kama nitaanza sasa kusema kama yule mama. Nikamwambia najaribu, ila nimesahau mengi, na nitakwenda nyumbani nikafundishwe.

Tutafika Jumamosi ya tarehe ishirini, kwa treni ya mchana: mimi, Gerald, na wazazi wake wote wawili. Bwana Lockwood ameomba kupitia kwanza makaburini Dewsbury, na mkewe amesema hatamwacha aende peke yake tena. Baada ya hapo watakuja kwetu. Usihangaike na mapambo. Tusubiri hapo stesheni kama utaweza. Nitashuka wa kwanza, nitakuita Mama mbele ya watu wote, kwa sauti, na wewe uniitikie au uninunie, vyovyote utakavyoona nastahili.

Msalimie sana baba, na Bibi Ramsden wa mlango wa pili, na wote watakaoniulizia. Kalamu naiweka chini hapa kwa sababu karatasi zimelowa na Bibi Pettifer ananiita nikale samaki, ingawa leo ni Jumatano.

Mimi mwanao,
'Ilda